Mwandikishaji anasema mkataba upo, watu wanasema huitwa kwa siri: makomando wa Marekani hupatikanaje?

SWALI: Mwanangu ana miaka 21, ana grini kadi (kibali cha kuishi Marekani daima), na ameamua kuingia jeshi la Marekani. Mwandikishaji amemwambia upo mkataba wa kumpeleka moja kwa moja kwa makomando wa bereti za kijani. Wanaume wa msikitini kwetu wanasema hayo ni maneno ya biashara, kwamba komando haombi kazi, hutafutwa na kuitwa kwa siri. Kijana ana nguvu, ananyanyua vyuma kila siku. Nimwamini nani? Na akishindwa huko atafanywa nini? (Mama wa Kitanzania, Columbus, Ohio)

JIBU: Dada yangu, asalaam alaykum. Hakuna aliyekudanganya hapo. Mwandikishaji anazungumzia kikosi kimoja na wanaume wa msikitini wanazungumzia kingine. Kilichonishtua mimi katika barua yako ni hiyo grini kadi, na hapo ndipo nitakapoanzia, maana ikiwa jambo hilo halijakaa sawa, mengine yote ni soga.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuandikishwa katika jeshi la Marekani kama askari wa kawaida. Bereti za kijani hawamchukui. Kwao uraia ni sharti lisilo na msamaha, kwa kuwa kila askari wao hupekuliwa na kupewa kibali cha kuona siri za serikali, na asiye raia hapewi kibali hicho. Kwa hiyo ama mwandikishaji hakuuliza, ama kijana hakusema, ama kuna kitu ambacho nyinyi wenyewe hamkijui.

Na kitu hicho huenda kikawa hiki. Je, wewe umeshakuwa raia? Kama uliapishwa kijana akiwa bado hajatimiza miaka 18, ana grini kadi yake na anaishi nawe katika malezi yako, basi kwa sheria inayotumika tangu 2001 naye akawa raia siku hiyo hiyo, bila kuapa na bila kujaza fomu. Wapo vijana wetu wengi wanaotembea na grini kadi mfukoni kumbe ni raia, kwa sababu tu hakuna mzazi aliyeambiwa. Aombe pasipoti ya Marekani kwa kutumia cheti chako cha uraia na cheti chake cha kuzaliwa. Ikitoka, ubishi umekwisha.

Kama sivyo ilivyokuwa, atachagua moja kati ya mawili. Asubiri miaka 5 ya grini kadi kama waombaji wengine wote wa uraia, au aingie jeshini sasa kwa kazi isiyohitaji kibali, kama vile askari wa miguu, kisha aombe uraia kwa njia ya utumishi, ambayo haimlazimu kungoja miaka hiyo. Akishakuwa raia, anaomba ukomando akiwa ndani. Wahamiaji wengi kutoka Afrika waliovaa gwanda la Marekani wamepata uraia kwa njia hii ya pili, na kwa kijana wa miaka 21 siioni kuwa ni kuchelewa hata kidogo.

Nikueleze na historia kidogo, kwani inaonyesha wanatafuta mtu wa namna gani. Bereti za kijani zilianzishwa Juni 1952 huko Fort Bragg, North Carolina, chini ya Kanali Aaron Bank. Huyu wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa katika idara ya ujasusi iliyoitwa OSS, akaangushwa kwa mwavuli Ufaransa kwenda kuwapanga wapiganaji wa huko dhidi ya Wajerumani. Kazi ya kikosi kipya ilikuwa ile ile: watu wachache waingie nyuma ya mistari ya Warusi, waishi na wenyeji, wawafundishe vita. Mmarekani wa Kansas asiyejua Kipolandi angefanya nini huko? Kwa bahati Bunge lilikuwa limepitisha mwaka 1950 sheria ya kuwaandikisha wageni kutoka Ulaya Mashariki, nao wakitumikia miaka 5 wanapata njia ya uraia. Wengi wakapelekwa kwa Bank. Maarufu kuliko wote ni Lauri Törni, Mfini aliyewahi kupigana na Warusi kwao, akajiandikisha Marekani mwaka 1954 kwa jina la Larry Thorne, akapanda cheo hadi kuwa ofisa, akafa katika ajali ya helikopta vita vya Vietnam mwaka 1965.

Hata Kiswahili kiliwahi kuwa tiketi ya jeshini. Kuanzia 2009 hadi uliposimamishwa 2016, kulikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wenye viza tu, wasio hata na grini kadi, kwa ajili ya utabibu au lugha zao, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Wakenya wengi walipita mlango huo. Sasa umefungwa, kwa hiyo akitokea mtu wa kuwauzia habari zake, mfungieni na nyinyi mlango.

Turudi kwa mwandikishaji. Mkataba anaousema upo kweli na unaitwa 18X. Raia aliyemaliza sekondari, aliyetimiza angalau miaka 20, mwenye alama 110 katika sehemu ya mtihani wa jeshi inayopima lugha na hesabu, na aliye tayari kuruka kwa mwavuli, anaweza kuusaini akiwa bado mtaani. Anapelekwa Fort Benning, Georgia, kwa mafunzo ya kuruta wa askari wa miguu, wiki 22. Kisha wiki 3 za mwavuli, anaruka mara 5 na kubandikwa alama ya mabawa kifuani. Kisha Fort Bragg kwa matayarisho, halafu mchujo.

Angalia vizuri mkataba unaahidi nini. Hauahidi bereti, unaahidi nafasi ya kuchujwa. Ni sawa na tikiti ya kuingia chumba cha usaili. Mwandikishaji anaposema "moja kwa moja" anamaanisha kwamba kijana hatahitaji kwanza kutumikia miaka kadhaa kwingine, na hilo ni kweli. Mama anayesikia neno hilo hudhani mtoto amepata kazi.

Mimi nilitumikia jeshi hilo upande wa ugavi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa hapo hapo Fort Bragg. Sikuwahi kuwa komando wala sikujaribu. Magoti yangu yana akili kunizidi. Lakini waliorudi kutoka kwenye mchujo nimeishi nao, nimekula nao, nimewasikia wakisimulia usiku. Mchujo hufanyika Camp Mackall, kambi iliyo katika misonobari na vinamasi magharibi mwa Fort Bragg, na huchukua kama wiki 3. Wanaoingia kwa mkataba huchanganywa na askari waliokwisha kutumikia kwingine. Zaidi ya nusu kwa kawaida hawachaguliwi.

Kinachowashangaza wote ni ukimya. Kijana aliyelelewa na filamu anategemea sajenti amnyunyizie mate usoni. Huko hapati. Jina na cheo huachwa langoni, mtu anakuwa namba. Ubao umesimama kambini, umeandikwa saa ya kukusanyika, vitu vya kubeba, basi. Ukiuliza mwendo ni kilomita ngapi, huambiwi. Ukiuliza muda wa kufika, huambiwi. Unaambiwa ufanye kadiri ya uwezo wako, na mkufunzi anaandika kitu kwenye karatasi yake bila kukunja uso wala kutabasamu. Wanafunzi wenyewe wamejitungia kanuni: usichelewe, usibebe pungufu, usiwe wa mwisho. Anayetaka kuondoka haulizwi mara mbili. Anasema, anapewa chai, anarudishwa kambini.

Askari mmoja aliniambia kwamba kelele zingemsaidia. Unapogombezwa unampata wa kumkasirikia, na hasira inatembeza miguu. Ukiachwa na kichwa chako mwenyewe saa tisa usiku, hujui umebakiza kilomita 2 au 20, hapo ndipo watu wenye vifua kama milango wanapokaa chini na kuomba gari. Ukimya ule umepangwa: kazi yenyewe ikija, hapatakuwa na sajenti wa kumsukuma.

Wiki ya kwanza ni vipimo vya mbio, vya mwendo na begi, na mitihani ya akili na saikolojia ya kukaa darasani. Kuna pia uwanja wa vikwazo, kamba na magogo, wanaouita Nasty Nick, kwa jina la Kanali Nick Rowe aliyetekwa Vietnam mwaka 1963, akakaa kifungoni miaka 5 hadi alipotoroka siku ya mwisho ya 1968. Kisha inakuja dira na ramani. Kila mtu peke yake, mchana na usiku, begi la kilo 20 na ushei ukiacha maji, chakula na bunduki, atafute alama zilizofichwa msituni. Kutembea barabarani ni marufuku, kuzungumza na mwenzako ni marufuku, na wakufunzi wamejificha vichakani kuwakamata wanaodhani giza ni lao. Hapa wengi sana wanaishia. Hapa pia ndipo namwona kijana wako anayenyanyua vyuma: misuli ya kifua ni mzigo wa ziada. Anayefaulu mara nyingi ni mtu wa wastani, mwembamba mwembamba, ambaye ukimwona dukani usingemkumbuka.

Wanaobaki hugawiwa timu za watu kama 12 na kupewa mambo ya ovyo ya kusafirisha: gari lisilo na gurudumu moja, mapipa, magunia ya mchanga yanayofanywa kuwa rubani aliyejeruhiwa, pamoja na milingoti na kamba za kuunganishia. Kila kazi ina kiongozi wake, kisha uongozi unahamia kwa mwingine. Wakufunzi hawaangalii sana kama gari limefika. Wanaangalia yule aliyekuwa kiongozi asubuhi anafanya nini jioni akiwa mbeba mlingoti, na nani huachilia bega kidogo akidhani haonekani. Mwisho wa yote watahiniwa wenyewe wanapangana: yupi ungekwenda naye vitani, yupi usingekwenda naye. Kijana hodari ambaye wenzake wamemweka mkiani anajieleza kwa shida sana mbele ya jopo.

Mtindo huu una babu yake. Mwaka 1943 idara ile ya OSS ilikuwa imechoshwa na majasusi waliofika Ulaya wakaharibikiwa, ikamwita mwanasaikolojia Henry Murray wa Harvard asaidie kuchagua watu. Waliweka kituo katika shamba moja karibu na Fairfax, Virginia, wakakiita Station S. Mtahiniwa alifika bila jina lake la kweli, amevaa nguo za jeshi zisizo na alama, na katika siku zote 3 alitakiwa kushikilia hadithi ya uongo juu ya maisha yake huku watu wakimtega. Jaribio lao lililopendwa zaidi lilikuwa la mbao. Mtu anapewa vipande vya mbao na dakika 10 ajenge fremu, yeye asiguse kitu, aelekeze tu wasaidizi wawili. Wasaidizi hao walikuwa wafanyakazi wa kituo waliofunzwa kumharibia: mmoja goigoi, hafanyi lolote mpaka asukumwe, mwingine mjuaji, anakosoa kila agizo na kumchimba bosi wake maneno. Hakuna aliyewahi kumaliza katika dakika 10, wala haikutegemewa amalize. Kilichotazamwa ni nani alikasirika, nani alikata tamaa, na nani aliendelea kuelekeza kwa utulivu. Mkiona leo watu wanasukuma gari lisilo na gurudumu kwenye mchanga wa Camp Mackall, ni mbao zile zile.

Na inaingia akilini ukiangalia timu yenyewe ilivyo. Wako 12: kapteni, naibu wake, sajenti mkuu, sajenti wa upelelezi, kisha wawili wawili wa silaha, uhandisi, matibabu na mawasiliano. Hao wanatupwa katika nchi ngeni kufundisha jeshi la watu wengine, pengine kwa mkalimani mchovu na chifu wa kijiji asiyewapenda. Msaidizi goigoi na msaidizi mjuaji wako kila bara. Kundi la tatu la bereti za kijani, lenye makao hapo Fort Bragg, ndilo linaloangalia Afrika. Wanajeshi wanne wa Marekani waliouawa Tongo Tongo, Niger, Oktoba 2017 walikuwa na timu ya kundi hilo. Usidhani, hata hivyo, kwamba kijana atapangiwa Afrika kwa sababu anajua Kiswahili. Jeshi linampanga linavyotaka, na anaweza kujikuta anasomeshwa Kikorea.

Akichaguliwa bado hajawa komando. Kuna mafunzo ya mwaka mzima hadi karibu miwili, na wa matibabu ndio hukaa muda mrefu kupita wote. Ndani yake kuna mbinu za vita, lugha, namna ya kustahimili kutekwa, na zoezi la mwisho liitwalo Robin Sage, ambapo sehemu kubwa ya North Carolina vijijini inageuzwa nchi ya kubuni inayoitwa Pineland, na wakulima wa kweli wanashiriki kama raia wake. Mchezo huo una hatari zake. Februari 2002 polisi wa eneo, asiyejua kwamba zoezi linaendelea, aliwasimamisha askari wawili waliodhani naye ni mmoja wa waigizaji. Alimpiga risasi mmoja akafa na mwingine akajeruhiwa.

Sasa wanaume wa msikitini. Wao wanazungumzia watu wa aina ya Delta, kikosi cha siri zaidi cha makomando wa jeshi hilo, na hapo wako karibu na ukweli. Delta iliundwa mwaka 1977 na Kanali Charles Beckwith, aliyekaa na SAS, makomando wa Uingereza, mwaka 1962 akarudi kwao akiwasumbua wakubwa kwa miaka mingi kwamba Marekani nayo inahitaji kikosi kama kile. Raia wa mtaani hana mlango wa kuingilia. Wanachambua majalada ya askari waliokwisha kukomaa, wengi wao kutoka bereti za kijani na kikosi cha Ranger, na anayeonekana anafaa hupelekewa barua ya kualikwa. Anayetaka mwenyewe pia anaweza kuomba akiwa ndani ya jeshi. Mchujo wao Beckwith aliunakili kwa Waingereza: mtu mmoja, mlima, begi, na mwendo wa mwisho wa maili 40, kama kilomita 64, bila kuambiwa muda. SAS wenyewe hufanya wao katika milima ya Brecon Beacons huko Wales, mara mbili kwa mwaka, na si mzaha. Julai 2013 askari watatu wa akiba walikufa baada ya joto kuwazidi katika mwendo mmoja. Kwa vyovyote, habari za kuitwa kwa siri zinamhusu sajenti mwenye miaka kadhaa ya vita. Hazimhusu kijana wa Columbus.

Wale wa majini, SEAL, nao huchukua vijana wa mtaani kwa mkataba na kuwapeleka Coronado, California. Kwao kelele zipo tele, pamoja na bahari ya baridi, wiki moja ya siku tano na nusu ambayo mtu hulala kama saa 4 kwa jumla, na kengele ya shaba anayoipiga mara tatu anayetaka kuondoka. Huishia njiani robo tatu hivi. Kama kijana wako hajui kuogelea vizuri, na wa kwetu wa bara wengi hawajui, ajue hivyo kabla hajavutiwa na picha za ufukweni.

Umeuliza akishindwa. Hakuna anayefukuzwa jeshini kwa kushindwa mchujo. Mkataba wake unabaki, na jeshi linamtumia linakohitaji mtu. Kwa wa 18X mara nyingi hiyo ni kazi ya askari wa miguu, na wengi huvuka barabara tu kwenda Divisheni ya 82 ya askari wa miavuli, hapo hapo Fort Bragg. Ni kazi halali, mshahara ni ule ule wa cheo chake, karo ya chuo baadaye iko pale pale. Lakini ni lazima ajiulize leo, kabla ya kusaini: je, niko tayari kuwa askari wa miguu wa kawaida mpaka mkataba uishe? Wajibu wote kwa jumla, wa jeshini na wa akiba, ni miaka 8. Kama jibu ni hapana, asisaini 18X. Niliwaona vijana wazuri waliojiona wameharibikiwa na maisha kwa sababu hakuna aliyewauliza swali hilo nyumbani, wakakaa wakihesabu siku.

Wengine huambiwa warudi baada ya muda, na wengi wa wanaorudi wakiwa na miaka 24 au 25, wameshakuwa makoplo na wameshapotea msituni mara kadhaa na ramani, hufanya vizuri zaidi kuliko walivyofanya wakiwa watoto. Ndiyo maana nilikwambia ile njia ya kuingia kama askari wa kawaida haimpotezei kitu.

Kwa hiyo wiki hii: tafuta cheti chako cha uraia uangalie tarehe, uilinganishe na siku aliyotimiza miaka 18. Mwandikishaji aulizwe mbele yako kama anajua kijana ana grini kadi. Ahadi yoyote atakayoitoa ionekane katika karatasi za mkataba zenye namba ya kazi na kozi zilizohakikishwa; isipoandikwa haipo. Na vyuma avipunguze. Anunue buti nzuri na begi, aanze na kilo 10, atembee bustanini mara mbili kwa wiki bila muziki masikioni, aongeze uzito polepole. Malengelenge ya miguuni yamewatoa watu Camp Mackall kuliko udhaifu wa mikono.